Siku Kumi za Mbawakawa

"Bi Ivy, mbona unavua mahali pasipo na samaki, tena bila ndoana?"

Nilimwuliza hivyo nikiwa na miaka tisa, siku aliyonipakia kwenye kimashua chake cha makasia. Akaniambia nifunge mdomo.

Kwetu Tasmania, kisiwani kusini mwa Australia, huku ziwani milimani, kiangazi kikiisha mwezi Machi upepo wa joto huwaangusha mbawakawa majini kutoka kwenye mikalitusi, na samaki wote aina ya trauti huja juu kuwala. Ni siku kumi tu kwa mwaka, na kila mwaka ghuba wanakoangukia ni nyingine. Bi Ivy akiitazama miti tu, anajua ni ipi. Kaka yake Clem hakujua, kwa hiyo alimfuata nyuma nyuma na boti lake la injini.

"Ivy! Leo wanakula?" alipiga kelele siku ile.

"Tupa mshipi ujionee, mwizi wee!"

Clem aliwahi kuuza mashua ya marehemu baba yao bila kumwambia dada yake. Siku ile alirusha mshipi mpaka jioni, akaondoka mikono mitupu, akitukana.

Clem alifariki mwaka jana. Juzi, tukinywa chai, nilimwuliza tena Bi Ivy swali lile.

"Nilikuwa namnyima," alisema. "Miaka kumi na mmoja, kila Machi nilikula mkate mkavu ili yeye asionje hata trauti mmoja. Na akifufuka kesho, nitapiga makasia mpaka pale pale pasipo na samaki."