Ukungu wa Nyuma ya Kochi

Assalaam alaikum admin, na nyote mnaosoma. Jina langu lifiche, na la mwanangu msilitafute, maana London ni kubwa lakini Waswahili wake wanajuana. Mimi ni mama wa miaka sitini na tatu, mzaliwa wa Unguja, mjane. Nilikuja huku kumfuata mume, nikafanya kazi ya kutunza wazee mpaka magoti yakakataa. Mume wangu alipostaafu alisema amechoka na majirani wa juu na wa chini, akatuhamishia kwenye hizi nyumba zinazoundwa kiwandani, zinaletwa na lori vipande viwili na kuunganishwa juu ya nguzo fupi. Yetu iko nje kidogo ya Croydon, unashuka tramu halafu unapanda basi. Hakukaa sana humo, Mungu akamchukua.

Nina binti mmoja tu, anaishi Ilford, upande wa pili wa London, na mumewe na mtoto wao wa kiume wa miaka minne. Walikuwa wakija kila Jumamosi. Mtoto analala kwenye kochi la sebuleni, ananiita Bibi, mengine yote kwa Kiingereza, na mimi namjibu kwa Kiswahili, tunaelewana vizuri tu. Siku moja ya baridi alikohoa mpaka akatapika. Mama yake akavuta kochi kutafuta kiatu chake, akakuta ukuta wa nyuma mweusi tititi kwa ukungu.

"Mama! Since when hii iko hapa?"

"Sijui mwanangu. Mimi kochi silivuti."

"Mtoto ana asthma, Mama. I can't. Mpaka hii damp itengenezwe, simleti tena."

Sikumlaumu, mtoto ni wake na kifua ni kibovu. Nikafuta kwa dawa, ukungu ukarudi. Nikapaka rangi, ukachomoza juu ya rangi. Lakini niwaambie kitu: kipindi hicho binti yangu alinipigia simu kila jioni. "Mama, ukungu unaendeleaje?" Utadhani anamuulizia mgonjwa. Tukimaliza ukungu tunaingia mengine, mtoto kala nini, kazini kwake kuna maneno gani, mpaka sikio linapata moto.

Mwishowe mama mmoja wa msikitini akanitafutia fundi, Mhindi wa Queensbury aliyezaliwa Unguja, wazee wake waliondoka naye baada ya Mapinduzi akiwa mdogo. Kiswahili hakijamtoka. Alipofika hakuuangalia ukuta kwanza. Alizunguka nje, akalala kifudifudi kwenye nyasi, akamulika tochi chini ya nyumba. Nikamsikia anacheka.

"Bibi, nani kaziba matundu haya kwa kanga?"

Ni mimi. Nyumba hizi zimezungushiwa ukuta mfupi kwa chini, na ukuta huo una matundu ya kupitisha hewa. Mimi nilisikia baridi inaniingia miguuni, na sisi tumelelewa kuogopa upepo kuliko mvua, basi nikachukua kanga zangu kuukuu nikaziba tundu moja baada ya jingine. Nilijiona mjanja! Kumbe unyevu wa ardhini ulikuwa unapanda na hauna pa kutokea, unailowesha sakafu na ukuta kutoka chini.

Akaingia jikoni, akaiona sufuria yangu.

"Mnakaa wangapi humu?"

"Peke yangu."

"Na sufuria hii ya harusi?"

Nikamwambia kila Jumamosi napika pilau, huenda wakatokea. Kupika kwa kipimo cha mtu mmoja sijafunzwa. Na madirisha nafunga, majirani wasije wakanung'unikia harufu. Fundi hakucheka tena. "Mvuke wote huo, bibi, unakwenda kushika ukuta wa baridi, pale nyuma ya kochi ambapo hewa haipiti."

Akazibua matundu, akatandika plastiki mpya ya kuzuia unyevu juu ya ardhi chini ya nyumba, akabadilisha ile sufi ya kuzuia baridi iliyolowa chini ya sakafu, akaweka feni za kuvuta mvuke jikoni na bafuni. Akaniagiza nifunike sufuria, nifungue dirisha nikipika, nisianike nguo ndani, na kochi lisiguse ukuta. Nikafuata yote. Nyumba ikakauka. Nikaupiga picha ukuta mweupe nikamtumia binti yangu, akajibu, "Well done Mama!" na moyo mwekundu.

Jumamosi ile nikapika, dirisha wazi. Hawakuja. Iliyofuata, mtoto ana swimming. Nyingine, birthday ya rafiki yake. Halafu, "Treni mbovu, Mama, tutaona." Sasa ni miezi kadhaa. Na zile simu za jioni zimekatika, maana hakuna tena mgonjwa wa kuuliziwa. Nikipiga mimi, "Mama, niko busy, nitakupigia." Si mtoto mbaya, kazi za huku zinamla mtu. Lakini roho inaniuma jamani. Siku nyingine namaliza mchana mzima sijasikia sauti ya mtu, ila hiyo feni.

Jana alipiga kwa haraka, yuko njiani. "Nyumba iko okay, Mama?" Neno likanifika mdomoni: ukungu umerudi. Nikalimeza. Nikasema iko sawa. Akasema, "Good," akakata. Nikachukua kanga moja kati ya zile alizozitoa fundi, niliyokwisha kuifua, nikatoka nje, nikainama mbele ya tundu. Nikakaa pale mpaka magoti yakauma, nikarudi ndani. Kanga iko hapa mezani ninapoandika.

Nikimwambia ukungu umerudi, atanipigia kila jioni, lakini mjukuu wangu hataletwa. Nikimwambia nina upweke, naogopa ataniona mzigo, au atakuja kwa kunihurumia, na hilo pia sitaki. Nyinyi wenye mama zenu peke yao, na nyinyi kina mama wenzangu, nishaurini, nimwambie lipi? Kesho ni Jumamosi, na mchele nimeshaupima, ule wa sufuria kubwa.