Madoa ya Jumatatu

Keziah Holroyd alifiwa na mumewe angali kijana, na majirani wakamfanyia kama walivyomfanyia kila mjane wa Harbeck: wakachanga, wakamnunulia mashine ya kukamulia nguo. Akawa dobi. Kazi yenyewe ilikuwa ya kubangaiza, maana maskini wenzake walijifulia na kumletea za kukamua tu. Siku nyingi alikunywa chai na mkate mkavu, akajiambia ameshiba.

Ndipo ikaja tramu ya mvuke, gari la abiria la reli za mitaani, kuunganisha Harbeck na Oakshaw, miji jirani isiyopendana hata kidogo. Sheria ilikataza moshi mitaani, na kampuni iliapa kwamba injini zake hazitoi moshi. Bahati mbaya injini zilikuwa hazijaambiwa. Zilipita zikihema chini ya kamba za nguo zilizokatiza mtaa, na mashuka ya Keziah yakajaa madoa ya masizi. Dereva hakuwa mwingine ila Seth, mdogo wa marehemu.

"Shemeji, moshi wako unaniharibia kazi."

"Moshi gani tena? Kampuni inasema hakuna moshi. Labda macho yako, shemeji."

"Basi njoo ulalie hili shuka lililochafuliwa na macho yangu."

Meneja wa kampuni alikuja mwenyewe, kofia mkononi. Jumatatu ni siku ya soko, alisema kwa upole, na tramu hupishana kutwa. Je, akina mama wasingeweza kufua Jumanne?

Harbeck ilifua Jumatatu kama ilivyosali Jumapili. Mwanamke mwenye nguo kambani Jumanne alikuwa mvivu, au mlevi, au ametoka Oakshaw.

"Jumanne," alirudia Keziah taratibu. "Samahani bwana, mama yako alikuwa anafua lini?"

Meneja aliiva uso, akavaa kofia, akaenda zake.

Tangu hapo Keziah hakukosa kikao hata kimoja cha baraza la mji, shuka lenye madoa begani. Miaka ikapita. Huku nyuma, makarani waliopanda ghorofa ya juu ya tramu, isiyo na paa, walishuka kola zikiwa nyeusi, na bosi gani angewapokea hivyo? Vijana waliokwenda kuchumbia Oakshaw nao walirudi na mashati ya kutia aibu. Wote walibisha hodi kwa Keziah. Akaajiri wasichana wawili, akala nyama hata katikati ya wiki, akanunua viatu imara vya kuendea barazani kulalamika.

"Mimi nakuchafulia wateja bure," Seth alimwambia, "na wewe unataka nifukuzwe."

"Nakula jasho langu, shemeji. Wewe kazi yako kuchochea makaa tu."

Mwishowe baraza lilichoka, likaiondoa tramu ya mvuke na kuleta ya umeme. Keziah akaitwa shujaa wa mji. Siku ya uzinduzi aliketishwa juu, mbele kabisa, katika aproni nyeupe iliyotiwa wanga, bendi ikipiga, Seth akiendesha kwa kofia mpya. Walipofika Oakshaw alijikagua: hakuna hata doa. Watu wakampigia makofi. Makarani nao walikuwa wakijitazama kola na kuchekeana kwa furaha. Keziah alicheka nao, kisha kicheko kikamkauka.

"Mbona kimya, shemeji?" Seth aliuliza.

"Natazama kola."

Haikupita miezi mingi. Jumatatu moja aliamka kama kawaida, akachemsha maji, akafua ile aproni ambayo haikuwa chafu, akaikamua na kuianika peke yake katikati ya mtaa. Wasichana wake walikaa mlangoni, mikono mapajani. Moyo ulimuuma, na hakuwa na wa kumlaumu.

Tramu ilipita kimya chini ya kamba, ikasimama kushusha abiria.

"Nyeupe kweli kweli, shemeji," Seth alisema.

"Seth, ile injini yako ya zamani waliipeleka wapi?"

"Waliiuza chuma chakavu."

"Yote?"

"Yote, shemeji."

Keziah aliitikia kwa kichwa, akaingia ndani kuwaambia wasichana waende nyumbani.