Kadi Kubwa Kuliko Kioo

Jamani, mimi nimewahi kumwita bibi wa watu asimame tumwone, na bibi mwenyewe yuko makaburini. Nimelisema mapema ili mcheke mara moja tuendelee.

Ilikuwa siku ya kupeleka posa ya mdogo wangu Juma kule Bangwe, kwa Mzee Sadiki, ambaye wazee wake walivuka ziwa kutoka Kongo. Mzee alikuwa ametuzungusha karibu mwaka mzima kabla ya kukubali hata kutupokea, na Juma alikuwa hali, halali (mtu mzima, ana ndevu). Sasa mimi, kwa kuwa nafanya kazi duka la steshenari pale mjini Kigoma na kompyuta naijua kidogo, nikajitwisha utambulisho: nitatengeneza kadi za ndugu wa pande zote mbili, picha, jina na uhusiano, zionekane kwenye televisheni ya Mzee, mimi nataja, anayetajwa anasimama. Zawadi, binti mwenyewe tunayemposa, akanitumia picha na maelezo yote ya kwao.

Programu yenyewe inakuonyesha kadi moja moja, haipandi wala haishuki kama ukurasa wa simu, na ukubwa unaochagua kwenye kadi ya kwanza ndio huo huo kwa kadi zote. Mwanzoni kabisa iliniuliza: nataka ukubwa mdogo unaoenea kwenye kompyuta yoyote, au ule wa kujaza kile kioo kipana cha dukani? Nikachagua mkubwa (sifa zitaniua). Picha juu, jina katikati, na chini kabisa, kwa herufi ndogo za heshima, neno "Marehemu" kwa waliotangulia, na chini yake kitufe cha kwenda kadi inayofuata. Nilizijaza zote huku akili yangu iko kwenye rangi na maua ya pembeni, ungeniuliza nani kafa nani mzima nisingekujibu.

Kompyuta ya dukani haibebeki kwenye bajaji, kwa hiyo nikaazima ya kupakata, ndogo. Nilipoifungua mbele ya watu, nimeiunganisha na televisheni inayoonyesha kile kile cha kompyuta, kitufe hakipo. Nikakitafuta, hakipo, nikasema si kitu, nitatumia vishale vya kibodi. Wala sikujiuliza kitufe kimeondoka na nani.

Upande wetu wa Ujiji ulikwenda vizuri, wote wazima, wote walisimama. Nikaingia upande wao, nikamtaja mjomba wake Zawadi, Kitenge, asimame tumfahamu. Hakuinuka mtu. Nikarudia kwa sauti, labda hasikii, nikatania kwamba pengine yuko uani anawahi samaki wa migebuka. Hakucheka mtu. Nikabonyeza kishale, akaja Bibi Mwavita, mama yake Mzee, anatabasamu televisheni nzima, nikamwomba asimame, au kama miguu inamsumbua anyooshe tu mkono. Akina mama wakaanza kujifunika nyuso kwa kanga. Nikachanganyikiwa, nikabonyeza, kumbe nimerudi nyuma, mjomba Kitenge huyo tena, nikabonyeza, bibi huyo tena, na mimi nikamwita tena. (Baadaye niliambiwa wenyeji walidhani ndiyo desturi yetu watu wa Ujiji, kuwaita waliokufa, na wazee wetu nao walidhani ndiyo desturi ya Bangwe, kutosimama unapotajwa, kwa hiyo hakuna aliyenizuia.)

Zawadi akanijia, akainama sikioni. "Shemeji, bibi tulimzika mwaka juzi, na mjomba alimtangulia. Mbona nilikuandikia?"

Ndipo nikaelewa. Kadi ilikuwa kubwa, kioo kidogo, sehemu yote ya chini imebaki nje, kitufe pamoja na lile neno. Nikamtazama Juma, macho yamemtoka, nikaona nimemvunjia ndoa kwa sababu ya maua ya pembeni. Nikanyoosha mkono nizime.

"Acha," Mzee Sadiki akasema. Aliitazama ile picha, akainuka taratibu, kwa tabu, magoti yake mabovu. "Mama kaitwa mara mbili mbele ya wageni na hajaitikiwa. Namwitikia mimi."

Akabaki amesimama. Mtoto wa mjomba Kitenge naye akasimama kwa ajili ya baba yake. Mimi sikujua nikae, nilie au niombe radhi, nikafanya yote matatu.

Posa ikapokelewa. Siku ya ndoa sikupewa kazi yoyote yenye umeme, niligawa soda, na nimekwisha kuapa: kadi zangu ni ndogo, na neno lenye uzito naliweka juu. Nilipomfikia Mzee nikampa shikamoo na soda yake, akanishika mkono.

"Kadi yangu bado unayo?"

Nikamwambia ninayo.

"Siku lile neno likiandikwa chini ya jina langu, liache likatwe na kioo. Uniite tu. Watasimama wanangu."

Sikuelewa kama ananitania, na mpaka leo sijui. Ila lile faili la zamani, lenye kadi yake, sijalipunguza; kadi bado ni kubwa kuliko kioo.