Vichwa vya Kidato cha Kwanza

Kaka mkuu nilikuwa mimi. Nalisema mapema, maana ukisimuliwa habari za bweni letu pale Karatu utadhani alikuwa yeye.

Sweta la viranja nililivaa mimi, la rangi ya damu ya mzee, wakati wenzangu wakitetemeka ndani ya masweta ya kijani yaliyopauka. Bwaloni nilipakuliwa wa kwanza. Nikiita kidato cha kwanza wanakuja mbio, huyu anabeba ndoo yangu, yule anafua soksi zangu. Nyumbani Mbulumbulu mama aliwatangazia majirani mpaka wakachoka kusikia.

Huyo mwenzangu hakuwa na cheo chochote. Tulikuwa naye kidato cha nne, vitanda vyetu jirani. Alitoka Ngorongoro, alichelewa kuanza shule kwa sababu ya ng'ombe, na alikuwa ameshatahiriwa pamoja na rika lake. Basi kila asubuhi watoto wa Kimasai wa kidato cha kwanza walimwendea wakiinamisha vichwa, naye anawagusa utosini mmoja mmoja, bila haraka. Ndiyo salamu yao kwa mkubwa. Baada ya muda hata watoto wa Kiiraqw, wa kwetu kabisa, wakaanza kumwinamia. Hapo wivu ulinikaba. Mimi walinitupia shikamoo ya mbiombio, macho kwenye fimbo yangu.

Siku moja nikamuuliza, nikijifanya natania, "Hawa unawapa nini?"

"Siwapi kitu," alisema. "Wananisalimia tu."

Afadhali angejisifu, ningepata pa kumchukia.

Wiki ya mwisho kabla ya mahafali niliamua na mimi niinamiwe, walau mara moja. Nikamkuta bombani mtoto mmoja wa kijiji cha Buger, mwembamba, anajaza ndoo, na ndoo yenyewe ni yangu. Fimbo nilikuwa nimeiacha bwenini makusudi. Nilitabasamu, nikanyoosha mkono polepole kuelekea kichwani kwake.

Aliachia ndoo ikamwagika, akajikunyata chini, mikono yote miwili juu ya kichwa. "Nisamehe, kaka mkuu. Najaza nyingine sasa hivi."

Yule mwenzangu alikuwa nyuma yetu, mswaki mdomoni. Mtoto alipomwona aliinuka, akanipita huku maji yakimchuruzika, akaenda kumwinamishia kichwa.