Siku Niliyoitengeneza Sinema Ambayo Haikuharibika

Habari hii mke wangu ndiye huwasimulia wageni, na kila mara anaiongezea chumvi, kwa hivyo leo acheni niiseme mwenyewe, ingawa nikiikumbuka mpaka leo masikio yanawaka kwa aibu.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Uhuru. Mimi, mtu wa darasa la tatu (na lenyewe sikulimaliza), nilikuwa tayari na mashine ya kusaga mahindi pale Kiogoro, na ikiharibika naifungua mwenyewe, siiti fundi. Nilimtaka Kemunto, lakini wazazi wake walisitasita, eti ninajisifu sana (mimi!). Basi nikaamua kuwaonyesha mimi ni mtu wa namna gani, nikaalika ukoo wao mzima Jumapili mchana kwenye ukumbi wa sinema wa Mhindi mmoja mjini Kisii.

Kwetu mtu na mama mkwe wake hawapeani hata mkono, sembuse kukaa karibu. Heshima hiyo tunaiita chinsoni. Kwa hivyo wao nikawaweka mbele, mama yake Kemunto kwenye kiti cha kando ya njia, mimi nikabaki nyuma kabisa, karibu na meza yenye mashine ya picha.

Picha ilikuwa ya kuchoma moyo, jamani. Mjane amenyang'anywa shamba na shemeji zake, anavuka mto na mtoto mgonjwa mgongoni. Nikamsikia mama akipenga kamasi, nikajua mke nimepata. Lakini yule aliyeipiga hiyo picha, sijui nani alimroga, hakutaka tumtazame mjane, alitaka tumtazame yeye! Mjane akifungua mdomo aseme, tunaonyeshwa goti lake. Akilia, picha inazunguka kama pia. Alipofika katikati ya mto kila kitu kikapinduka, maji juu, mbingu chini.

"Mbona mama wa watu ananing'inia kama popo?" baba yake Kemunto akauliza kwa sauti. "Na mtoto ameanguka wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Mama akaacha kulia. Nikaona mke ananiponyoka.

"Tulieni, wazee wangu, naitengeneza!"

Mwendesha mashine akanishika shati. "Bwana, usiguse! Imepigwa hivyo makusudi!"

"Mtu mwenye akili atapiga picha kichwa chini makusudi? Wewe hujui mashine, kaa kando."

Nikaiinua, nikaipindua. Gurudumu lenye picha likachomoka, likaanguka, likashika njia kwenda mbele, utepe ukijifungua nyuma yake, nami nikalifukuza gizani, utepe ukanisokota miguu, na nilipoanguka (laiti ningeangukia saruji!) nilitua mapajani mwa mama mkwe, nikamkumbatia shingo nisidondoke.

Yowe alilopiga nadhani lilifika Kenyenya. Taa zikawashwa. Hakuna aliyecheka tena.

Baba yake Kemunto akasimama polepole. "Kijana, ulitaka tuone wewe ni mtu wa namna gani. Tumeona. Sasa toka kwenye mapaja ya mke wangu."

Nilitoa mbuzi wa kuondoa ile aibu, nikakaa siku nyingi bila kupita karibu na boma lao. Kisha mzee akaniita, akanipa Kemunto, akisema aibu kubwa hivyo ni heri ibaki ndani ya jamaa.

Tangu hapo nikiingia sinema nakalia mikono yangu. Mwenye picha akitaka kupindua dunia nzima, aipindue.