Thumuni kwa Kila Gunia

Aliyewashawishi wakulima wa Bwera, karibu na mpaka wa Kongo, wakubali kukatwa thumuni katika kila gunia la machungwa alikuwa Laurentine Kaswera mwenyewe. Kwa jambo hilo hakujisamehe.

Ilikuwa mwaka 1967. Kezironi, katibu wa chama cha wakulima wa machungwa, alisimama mbele ya mkutano akaeleza kwamba ugonjwa umeingia kwenye michungwa, na ugonjwa wa namna ile haufukuzwi kwa maombi. Unataka mtaalamu, chumba cha kupimia na vifaa. Serikali ilikuwa imesema haina fedha. Basi kila gunia litakalopelekwa stesheni ya Kasese lingekatwa senti hamsini, ziingie mfuko wa utafiti.

Watu waliguna. Mzee Yafesi, aliyekuwa ameteremka kwa miguu kutoka Mahango, alisema huko kwao mlimani hawajapata kusikia mtu analipwa ili aje kutazama majani.

Kaswera akasimama. "Wazee, munisikilize," alisema kwa Kiswahili chake cha ng'ambo ya mpaka. "Kule Beni nilifanya kazi miaka tisa ku shamba ya utafiti. Muti ikigonjwa na hakuna mutu wa kuchunguza, shamba yote inakwisha. Hii senti hamsini tusiililie. Tulipe."

Walimsikiliza kwa sababu mkono wake ulijulikana. Mwaka 1964, vita vilipowafukuza Kongo yeye na mumewe Philippe, wenzao walivuka mto na sufuria na magodoro. Kaswera alivuka na vikonyo vya michungwa, vijiti vya kupandikizia, vilivyofungwa kwa magamba mabichi ya mgomba. Kabla ya kupata hata mahali pa kulala, aliomba miche ya milimau kwa majirani akaibebesha, akipandikiza kwenye mashina yake macho ya vikonyo, yale yanayochipua. Iliposhika, watu walikuja wenyewe. Alitoa vikonyo Bwera, Muhokya, Bugoye, hata kwa Yafesi kule juu. Kwa hiyo alipoketi, Yafesi alikuna kidevu, akainua mkono, na wengine wakainua baada yake.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa na hila. Tawi moja hugeuka manjano huku mengine yakibaki kijani, kama mtu aliyepooza mkono. Majani machanga huota vipele. Kisha tunda hupinda upande mmoja, chini likabaki bichi hata juu likiiva, na ukilipasua unakuta mbegu nyeusi zilizonyauka na maji machungu kama klorokwini. Wake wa wachimba shaba, waliokuwa wakigombania machungwa ya Bwera sokoni Kasese, walianza kuyabonyeza, kuyanusa, na kuyaacha.

Mwaka wa kwanza Kezironi alisema mtaalamu anatafutwa. Mwaka wa pili akasema mtaalamu amepatikana ila yuko masomoni. Mwaka wa tatu chama kilijenga ofisi ya matofali, na mlango mmoja wa ofisi hiyo ukaandikwa kwa rangi nyeupe CHUMBA CHA UTAFITI. Kufuli lake lilikuwa kubwa kama ngumi. Kaswera alipouliza ni nani anafanya kazi humo, Kezironi alimtazama kwa huruma ya uongo.

"Mama Laurentine, utafiti si kupika ugali. Unataka subira."

"Subira iko na mwisho, Bwana Katibu. Muti haijui subira."

"Basi wekeni mbolea."

Waliweka mbolea. Michungwa ikaendelea kufa, sasa ikifa na mbolea miguuni.

Hapo ndipo Kaswera alipoamua kutafiti mwenyewe. Alijenga kibanda cha matete nyuma ya nyumba, akakifunika kwa vyandarua viwili alivyovitoa juu ya kitanda chao. Philippe, aliyekuwa kuli wa kupakia shaba kwenye mabehewa Kasese, alirudi mwisho wa mwezi akakuta miche imelala ndani ya chandarua na yeye analala na mbu. Alipata malaria mara mbili mwaka huo, na kila mara alimkumbusha mkewe ni kwa sababu gani. Lakini vyandarua hakuviondoa.

Miche ilikuwa kumi na miwili. Sita aliiweka ndani, sita nje. Ile ya nje yote aliibebesha macho kutoka mti wake uliobaki mzima. Ya ndani, mitatu aliipa macho ya mti huo huo mzima, na mitatu akaipa macho ya mti mgonjwa. Kisha akangoja, na kila Jumapili baada ya misa aliandika kwenye daftari la shule alichokiona.

Baada ya miaka miwili jibu lilikuwa mbele yake. Ndani ya chandarua, mitatu yenye macho mazima ilikuwa kijani kama siku ya kwanza. Mitatu yenye macho mabovu ilikuwa ya manjano. Na nje, ambako macho yote yalikuwa mazima, mitano kati ya sita ilikuwa imepata vipele kwanza, kisha umanjano. Chini ya kila kipele aliona kijidudu kidogo kuliko chembe ya uwele.

Kwa hiyo ugonjwa ulisafiri kwa njia mbili: kwa mdudu, na kwa kikonyo chenyewe. Kaswera alielewa la pili likamkata maini. Nani alikuwa amegawa vikonyo wilaya nzima? Kama ule mzigo wa magamba ya mgomba ulikuwa umebeba sumu, basi alikuwa ameingia nyumba za watu akiwa na kifo mkononi, nao wakampa chai. Au labda ugonjwa ulikuwapo kabla yake. Hakuwa na njia ya kujua.

Mwanzoni mwa 1972 alifunga matawi ndani ya gazeti lililoloweshwa maji, akapanda treni kwenda Kampala. Kituo cha utafiti wa mimea kilikuwa nje ya mji, akafika viatu mkononi. Alipokewa na bwana mdogo mwenye miwani, Karuhanga, aliyelisoma daftari lake lote akiwa amesimama wima, kisha akaketi akalisoma tena.

"Mama, hii kazi nani alikufundisha?"

"Nilifundishwa kubebesha. Hii ingine nimejifundisha sababu ya hasira."

Karuhanga hakucheka. Alimweleza kwamba ugonjwa unaofanana na huo ulikuwa umeonekana nchi za kusini, na huko ulizidi kwenye baridi ya vilima na kupungua mahali penye joto. Dawa ya mti uliokwisha kuugua bado haikupatikana. Lakini yapo mengi ya kutafuta: ni aina gani ya mchungwa inastahimili, mdudu azuiwe vipi, ugonjwa umetoka wapi.

"Je, ni mimi niliuleta?" Kaswera aliuliza.

"Sijui. Mtu yeyote akikwambia anajua, anakudanganya. Ingetubidi tuje kupima miti ya zamani, ile iliyokuwapo kabla yako."

"Sasa munangoja nini? Sisi tunalipa miaka tano."

Karuhanga alivua miwani. Akafungua kabati, akatoa nakala za barua mbili. Kituo kilikuwa kimekiandikia chama cha Bwera mwaka 1969, na tena 1970. Walikuwa tayari kutuma mtu. Waliomba chama kilipie vyandarua, nauli, na mshahara wa msaidizi mmoja. Hakuna aliyejibu.

Kaswera aliomba nakala hizo. Safari nzima ya kurudi hakula kitu. Abiria mwenzake, mama aliyekuwa na kikapu cha ndizi mbivu, alimkaribisha mara tatu akakata tamaa. Alikuwa akiona nyuso za watu waliokuwa wameinua mikono kwa sababu yeye alisimama.

Mkutano mkuu wa chama ulikuwa mwezi wa sita. Siku hizo watu hawakukutana bila jeshi kujua, kwa hiyo sajini mmoja, Afande Lokwang, alikuwa ameketi nyuma na askari wake wanne, kofia imefunika macho. Kezironi alisoma taarifa. Alipofika kwenye utafiti alisema kazi inaendelea vizuri, na kwamba kamati ilikuwa imefanya ziara ya mafunzo Kenya.

Kaswera alisimama kabla hajapewa nafasi. Alisoma barua ya kwanza neno kwa neno, kisha ya pili.

"Mutaalamu alikuwa tayari," alisema. "Alingoja munijibu... alingoja mumujibu. Feza yetu iko wapi, Bwana Katibu? Na ndani ya ile chumba beko nani?"

Kezironi hakuwa mjinga. Alikunja karatasi zake taratibu, akawageukia watu. "Tuulizane na lingine basi. Vikonyo vya kwanza vililetwa na nani kutoka Kongo? Kabla mama huyu hajavuka mto, mlikuwa na ugonjwa huu? Leo mwenye kuleta moto ndiye anayeuliza maji."

Minong'ono ikapanda. Kaswera aliona vichwa vikimgeukia, na miongoni mwao kichwa cha Yafesi. Angeweza kukataa. Hakukataa.

"Inaweza kuwa ni miye," alisema. "Sijui. Nilienda mpaka Kampala kuuliza, wakaniambia hakuna anayejua sababu hakuna aliyekuja kupima. Feza ya kupima tulimupa huyu. Anaficha jibu, halafu ananitupia swali. Afungue mulango."

"Mlango ufunguliwe," Yafesi alisema kutoka pembeni. Na wengine wakarudia.

Kezironi alisema ufunguo uko Kasese kwa mwenyekiti. Hapo Afande Lokwang akainua kofia.

"Nyinyi kelele mingi," alisema. "Mlango gani?"

Akaonyeshwa. Hakungoja ufunguo; askari mmoja alipiga kufuli kwa kitako cha bunduki, na kwa pigo la tatu likaanguka. Watu walisukumana mlangoni. Ndani hamkuwa na meza, wala chupa ya kupimia, wala jani. Mlikuwa na mabati mapya yamepangwa hadi dirishani, mifuko ya saruji, na makreti ya bia kumi na saba.

Ingekuwa vizuri kusimulia kwamba haki ilitendeka siku ile. Afande alitazama mabati, akatazama bia, akatazama watu. "Mali ya magendo," alisema. "Pakia." Mchana ule ule lori la jeshi likaondoka na kila kitu, pamoja na Kezironi aliyekalishwa juu ya saruji. Kaswera alikimbia akashika ubavu wa lori.

"Afande, ile ni mali ya wakulima. Ni ya utafiti."

"Mama, toka."

"Andika hata karatasi."

"Toka."

Askari alimbandua vidole kimoja kimoja. Kezironi alirudi baada ya siku nne, amevimba uso, akauza nyumba akahamia kwa shemeji zake. Mabati hayakurudi. Miaka mitano ya thumuni ilikuwa imeibwa mara mbili, na mara ya pili iliibwa mbele ya macho ya wenyewe huku wakiwa wameufungua mlango kwa hiari yao. Chama kilikufa kabla ya Krismasi.

Karuhanga alikuja mara moja, mwaka uliofuata, kwa basi na kwa fedha yake. Alikaa siku tatu. Alimwonyesha Kaswera jinsi ya kushona chandarua kisiache upenyo, akakata vipande vya gamba kwenye milimau ya kale kule Bugoye akavitia mfukoni, akaahidi kuandika. Hakuandika. Baadaye Kaswera alisikia kwamba wataalamu wengi wa kituo walikuwa wameikimbia nchi, na kwamba chumba cha Karuhanga kilikuwa kimegawiwa kwa mtu wa ugavi. Kama yale magamba yalipimwa, jibu lake halikufika Bwera.

Alijipa kazi aliyoiweza. Alizidisha miche yake ndani ya chandarua, akaiteremsha Muhokya kwenye joto, akawapa watu bila malipo, kila nyumba alikokuwa amewahi kupeleka kikonyo. Wengi iliwashikia. Baadhi walimfungia mlango. Hakuwalaumu, lakini aliiacha miche kizingitini.

Mwaka 1975 alipanda Mahango na miche sita kichwani. Shamba la Yafesi lilikuwa visiki vitupu. Mzee alimpa kigoda na maji, akaikagua miche jani kwa jani, kwa upole, kama anayepima mahari.

"Iko mizuri," alisema. "Lakini baridi ya hapa unaijua, Mama. Mdudu iko mingi. Mwaka mbili, mitatu, itakufa kama ile ingine. Siyo?"

Kaswera alitaka kubisha. "Itakufa," alisema.

"Basi usiniletee mti. Niletee dawa."

"Dawa haiko, Mzee."

"Najua haiko." Yafesi alimrudishia miche, mmoja mmoja, kwa mikono miwili. "Mimi napanda kahawa."

Aliteremka na mzigo wake jua likiwa bado juu. Mzee alikuwa amesema kweli, na kweli hiyo ndiyo iliyomchoma. Miaka minane. Ndani ya miaka minane mtu mmoja mwenye chandarua na mshahara mdogo angeweza kuwa ametafuta dawa. Labda asingepata kitu. Lakini angekuwa ametafuta, na yeye asingekuwa anateremka mlima na miche mizima isiyo na pa kupandwa.

Alipofika Muhokya aliichimbia mashimo sita kando ya barabara, kwenye ardhi isiyo ya mtu, akaipanda kwa nguvu hata mpini wa jembe ukapasuka.