Jabali la Rutamba Halikuguswa

Nilikwenda Rutamba kuibomoa nyumba ya dada yangu. Sikubeba nyundo, nilibeba maneno ya kaka yetu Salumu. Siku hizo za ruksa, biashara binafsi ilipofunguliwa, alikuwa amefungua duka la mitumba Kariakoo, halafu la pili, na alikuwa ameanza kuzungumza kama mtu aliyezoea kusikilizwa.

Dada Mwanahawa alikuwa mchoraji wa ramani za majengo katika shirika la umma. Shirika lilipouzwa akapunguzwa kazini, akachukua kiinua mgongo chake na kwenda kujenga kwenye kiwanja cha mama, kule kijijini nyuma ya Lindi. Habari zilizotufikia Dar es Salaam zilikuwa za aibu: amejenga mteremkoni, juu ya jabali, nyumba iliyopinda.

"Watu wanatucheka," Salumu aliniambia. "Nimeongea na msimamizi wa wale wanaochonga barabara. Atapeleka katapila asawazishe pale, nijenge nyumba ya kisasa, yenye nguzo na vioo. Wewe kaongee na mama, halafu uwaonyeshe wapi pa kuanzia. Mama hawezi kukukatalia wewe."

Nilikubali. Mimi ni kitinda mimba, na chumba nilicholala kilikuwa uani kwa Salumu.

Alfajiri basi liliondoka Temeke. Masika yalikuwa yamekatika karibuni na barabara ya kusini ilikuwa tope tupu. Kabla hatujafika kwenye pantoni ya Ndundu tulishashuka kusukuma mara nyingi, wanaume kwa wanawake, khanga tumezifunga magotini. Mto Rufiji ulikuwa umejaa, una rangi ya chai ya maziwa.

Nangurukuru, njiapanda ya Kilwa, tulilala. Asubuhi nilitembea kidogo nikaona nyumba mpya za wafanyabiashara: nyeupe, za mraba, kila moja peke yake kwenye uwanja uliofyekwa ukabaki mchanga. Niliziona nzuri sana. Nikajiambia, hivi ndivyo tutakavyojenga.

Lindi mjini nilipata lori lililokuwa likienda Rutamba kupeleka chumvi na sabuni. Tukaiacha bahari nyuma, tukapanda vilima vya mikorosho, na mchana nikashushwa mahali dereva alipoita "kwa Mwanahawa".

Nilitafuta nyumba, sikuiona. Niliona mteremko, mikorosho na jabali jeusi lenye ukubwa wa lori. Ndipo sauti ikatoka kwenye kivuli: "Unaangalia nini? Pita, mlango uko mbele yako."

Kuta zilikuwa za mawe ya palepale, zimekandikwa udongo wenye rangi ileile ya kilima. Nyumba ilishuka ngazi kwa ngazi kufuata mteremko, ikazunguka mkorosho mmoja bila kuukata, na jabali lenyewe ndilo lililokuwa ukuta wa nyuma wa sebule. Juu paliezekwa bati, na mfereji wa bati ulipeleka maji ya mvua kwenye tangi. Mlangoni dada alikuwa amechonga neno moja: PANGO.

"Shikamoo dada. Mbona umeandika hivyo?"

"Marahaba. Ndivyo wanavyoiita wakinicheka. Nimewarahisishia."

Mama alikuwa ameketi sebuleni, mgongo ameuegemeza kwenye jabali. Nje jua lilikuwa linachoma. Mle ndani nilijitanda khanga kwa ubaridi. Upepo wa kutoka kwenye ziwa lililo chini ya kilima uliingia kwa dirisha la chini ukatokea la juu, na sikusikia harufu ya moshi wa jiko hata kidogo.

"Miaka yote nilichora nyumba moja tu," Mwanahawa alisema akinimiminia uji. "Wakaijenga Bukoba, wakaijenga Lindi, utadhani jua na mvua ni vya aina moja. Nikasema ya kwangu nitaanza kwa kuuliza maji yanapita wapi."

Ujumbe wa Salumu sikuutoa. Nikakaa siku ya kwanza, nikakaa na ya pili. Ilinyesha mvua iliyochelewa, nikasikia maji yakishuka kwenye mtaro pembeni mwa nyumba na kwenda zake, bila kuingia hata tone. Hatimaye nikasema yote. Mama akauliza, "Kiwanja hiki nilipewa na nani?"

"Na bibi."

"Salumu alikuwepo?"

Kesho yake asubuhi katapila likaja likinguruma, limevunja matawi njia nzima. Msimamizi akashuka, akamsalimia mama kwa adabu, kisha akanigeukia mimi. "Bwana Salumu amesema wewe ndiye utakayetuonyesha pa kuanzia."

Dada aliniangalia. Sijasahau macho yale, hayakuniomba kitu. Nilishuka nikasimama mbele ya bamba la chuma la katapila.

"Hakuna pa kuanzia," nikasema.

"Dada, usinitanie. Mafuta yameshaungua."

"Rudini barabarani. Hapa hapachimbwi."

Akaitazama nyumba kwa dharau. "Nyumba gani hii inajificha?"

"Haijajificha," mama alijibu kutoka barazani. "Imekaa. Na wewe ukitaka kukaa, karibu uji. Ukitaka kuchimba, nenda kachimbe kwenu."

Hakunywa uji. Katapila likageuza kwa shida kati ya mikorosho, likaondoka. Mwanahawa alicheka mpaka akakaa chini, na mimi nikagundua nalia.

Safari ya kurudi niliiona fupi. Nangurukuru nilizitazama tena zile nyumba nyeupe, wenyewe wamekaa nje wakifuata kivuli cha ukuta kadiri jua lilivyohama.

Dar es Salaam, Salumu alikuwa ameshapata habari. "Mwanahawa amekuroga?"

"Nimelala mle nikaamka salama. Ukitaka kulipasua lile jabali, nenda mwenyewe ukamwambie mama asogee."

Alinitaka nihame. Nikahama, na kile nilichojifunza nikahama nacho: usasa unaoanza kwa kukifuta kilima na kumsogeza mama yangu, siutaki, hata ukija na vioo.

Salumu hakwenda Rutamba. Mimi nilikwenda tena, mikorosho ilipochanua, na safari hiyo sikutumwa na mtu.